Kidumu cha Maji Kwenye Komeo

"Panda kwenye trekta ushike liva!"

"Sipandi."

"Dakika tano tu, dada, mvua ile pale—"

"Nimesema si—"

"—inakuja, na majani ya ekari nane yako chini kama mkeka!"

"Hata yangekuwa ekari themanini! Sikai kwenye kiti kile injini ikinguruma na wewe uko ndani ya tumbo la mashine!"

Wawili hao walikuwa kaka na dada, tumbo moja. Kaka, ambaye kila mtu alimwita Chapuchapu, alikuwa ameshika kisu cha jikoni. Dada alikuwa ameshika kiuno. Kati yao, mlangoni mwa banda, ilisimama mashine kuukuu ya kufunga majani makavu.

Mashine hiyo hukokotwa na trekta. Humeza majani yaliyokatwa na kuyaviringisha kwa mikanda mipana sita. Kisha hufungua mlango wake wa nyuma na kutema robota la duara, zito kama fahali. Asubuhi ile mkanda wa tatu ulichanika hadi nusu ya upana wake. Majani yakianza kulowa shambani, ng'ombe hawatakuwa na chakula kiangazi chote.

Nyumba hii ilijua namna moja tu ya kubadilisha mkanda. Mtu mmoja anapanda kwenye trekta, anauinua mlango wa nyuma, na kuushikilia kwa liva, kile kijiti cha kuendeshea mlango. Injini inaendelea kunguruma. Mwingine anaingia chini ya mlango na kuukata mkanda kwa kisu. Basi, kazi imekwisha.

Miaka saba iliyopita, aliyeingia alikuwa baba yao. Aliyeshika liva alikuwa baba yao mdogo. Mlango ukashuka. Baba akatolewa pale, na mkono wake wa kulia ukakatwa hospitalini. Baba mdogo alilia kama mtoto. Alisema alipiga chafya, liva ikamponyoka. Baba hakuiamini chafya hiyo hata siku moja. Tangu hapo ndugu hao wawili hawasemezani. Na tangu hapo Dada ndiye anayemfunga baba vifungo vya shati, kila asubuhi, kimoja kimoja.

Sasa kaka yake anamwambia akae kwenye kiti kilekile.

"Weka kisu chini," alisema Dada. "Namwita Bi Spana."

"Mwite. Mwite na mvua pia, ije tunywe chai wote!"

Bi Spana alikuwa fundi wa mashine. Alihamia mtaa wa pili miaka miwili tu iliyopita. Alikuja na baiskeli, sanduku la vifaa limefungwa nyuma kwa mpira. Alikuwa mama mfupi mwenye sauti nene.

"Hodi hapa! Kisu cha nini? Tunachinja?"

"Shikamoo, mama," alisema Chapuchapu. "Cha kukatia mkanda."

"Marahaba. Mkanda umekaza au umelegea?"

"Umekaza."

"Basi hukati mkanda, mwanangu. Unaamsha nyoka. Ile springi pale imeuvuta kwa nguvu zake zote. Ukikata, mkanda unakuchapa usoni, na ule mkono wa chuma unaoukaza unaruka. Utaokotwa vipande vipande. Kisu kirudi jikoni, kina kazi zake huko."

Chapuchapu alikirudisha. Alitembea polepole, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Bi Spana aliwasha trekta, akaisogeza mahali tambarare. Alizima shafti inayoizungusha mashine. Kisha akauinua mlango wa nyuma hadi juu kabisa.

"Sasa, nani hushika mlango hapa kwenu?"

Dada alikionyesha kiti cha trekta kwa kidole. "Mtu. Anakaa kwenye trekta."

"Mtu?" Bi Spana aligeuka. "Mkono wa mtu si komeo, binti yangu. Mtu huchoka. Mtu huumwa na nyuki. Mtu hupiga chafya."

Bi Spana hakujua alichosema. Aliona tu wote wawili wakitazama nyuma yake, naye akageuka. Baba alikuwa amesimama kwenye kona ya banda. Miaka saba hakuwahi kufika pale. Mkono mtupu wa shati lake ulikuwa umekunjwa na kufungwa pini.

"Shikamoo, mzee," alisema Bi Spana.

"Marahaba. Endelea."

Bi Spana aliinama ubavuni mwa mashine. "Komeo lenu liko wapi? Mashine za namna hii huwa nalo. Ni kiwiko kidogo, huwa chekundu."

"Kiwiko chekundu?" alisema Chapuchapu. "Si hicho? Hapo tunatundikia kidumu cha maji ya kunywa."

Kidumu kilikuwa kinaning'inia palepale. Bi Spana alikitoa, akakiweka chini. Akafuta vumbi na kutu, akatia oili, akagonga mara mbili kwa nyundo. Kiwiko kikageuka.

"Hili linafunga njia ya mafuta yanayoubeba mlango. Likifungwa, mlango haushuki, hata mkivuta liva mpaka kesho. Tazameni."

Alizima injini, akatoa ufunguo. Wote wakiwa mbali, alivuta liva, akairudisha. Mlango haukutikisika.

"Lilikuwepo tangu lini?" Dada aliuliza.

"Tangu mashine izaliwe."

Dada hakuthubutu kumtazama baba.

"Anayeingia ndani ndiye anayekaa na ufunguo," Bi Spana aliendelea. "Si wa nje. Chapuchapu, tia mfukoni."

"Mfuko una tundu, mama."

"Mfuko wake siku zote una tundu," alisema Dada. Alifungua kamba iliyobana kilemba chake, akaufunga ufunguo na kumvisha kaka yake shingoni. Alikaza fundo mara mbili.

Waliweka mawe chini ya magurudumu. Bi Spana alichomeka pini ya chuma kwenye tundu lake, ili mkono wa kukazia usiruke. Ndipo akaweka alama ya rangi kwenye nyuzi za boliti, wajue pa kurudi.

"Kila mashine ina namna yake, na kitabu chake ndicho kinachosema. Hii yenu ina springi mbili. Legeza nati kidogo kushoto, kidogo kulia. Usimalize upande mmoja kwanza. Taratibu. Jina lako libaki nje leo."

Chapuchapu alilegeza. Alihesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Springi zilipokwisha nguvu, Bi Spana alibonyeza mkanda kwa fimbo. Ulibonyea kama godoro.

"Sasa umelala. Kwenye kiungo chake kuna waya. Vuta waya, mkanda unaachana wenyewe. Kisu cha nini?"

Walitoa bandani mkanda mpya wa akiba, wakafunga ncha yake kwenye mkia wa ule wa zamani. Walipovuta wa zamani kwa mkono, mpya ulifuata njia ileile, juu ya rola hii, chini ya rola ile, bila kupotea. Kabla ya kuunga, Bi Spana aliwapimisha urefu na mikanda mingine.

"Ukiwa mfupi kuliko wenzake, utabeba mzigo peke yake, na utakatika kabla ya wiki. Kata ncha iwe mraba kabisa. Ikienda upande, mkanda utakimbilia upande."

Walikaza springi mpaka kwenye alama. Walitoa pini. Walihesabu vifaa vyote, hata nyundo. Chapuchapu alitoka kwanza, na ndipo akavua ufunguo shingoni. Komeo likafunguliwa, mlango ukashushwa, na mashine ikazungushwa polepole, wote wamesimama mbali. Mikanda sita ilikwenda sambamba.

Walienda shambani. Robota la kwanza lilitoka limekaza, duara safi. Mawingu yalikuwa bado upande wa pili wa bonde. Chapuchapu alipiga kofi robota kama anampiga rafiki mgongoni.

"Hatutamaliza," alisema Dada. "Mtu wa kuendesha, mtu wa kukusanya, mtu wa kufunika. Tuko wachache."

Baba alikuwa amewafuata mpaka shambani. Kidumu cha maji kilikuwa mkononi mwake. Alikinywea, akakifunga kwa meno, akakiweka chini kwenye nyasi, mbali na mashine.

"Binti yangu, simu unayo?"

"Ninayo, baba."

"Mpigie baba yenu mdogo. Mwambie ni mimi ninayemwomba. Aje atuendeshee trekta."