Nyumba Iliyomsitiri Sechelela

Hebu niambie wewe unayesoma: ukimpigia simu mama yako, akapokea, akacheka, akakuombea na dua, utajuaje kwamba aliyecheka ni yeye?

Dodoma ya siku hizo kila nyumba ilikuwa na Msitiri. Si mtu; ni mashine isiyo na mikono wala miguu. Macho yake yalikuwa madogo kama punje za uwele, yamepandwa ukutani wakati wa kupiga lipu, na masikio yake yalikaa darini. Msitiri alisikiliza mwenye nyumba anavyokanyaga sakafu, anavyopumua, anavyotua kikombe mezani, na kwa hayo tu akajua moyo wa mtu umeamkaje. Ukiamka na hasira, alipunguza mwanga na kukupashia maji ya kuoga. Ukiamka na huzuni, alifungua mapazia ya upande wa jua na kukumiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye mfereji wa jikoni. Wageni wakija saa mbaya, aliwajibu mlangoni kwa adabu. Na ikibidi kupokea simu, alipokea kwa sauti ya mwenye nyumba mwenyewe.

Wahandisi hawakuyaokota hayo hewani. Walipita mitaani wakawauliza watu wazima: nyumba njema ni ipi? Watu wakajibu kama tulivyolelewa sote, kwamba nyumba njema ni ile ambayo ya ndani hayatoki nje. Mashine ikafundishwa hivyo hivyo. Nani angelaumu?

Sechelela aliishi na Msitiri wake upande wa Nzuguni, chini ya shamba la ghorofa, lile jengo refu la vioo ambamo zabibu zilipandwa sakafu juu ya sakafu. Ujana wake wote aliumalizia humo. Alikuwa mwanamke wa misimu miwili. Msimu wa kupanda, alifanya kazi ya watu wanne, bila kulala wala kula, anaongea mpaka wenzake wanaomba poo. Ni katika msimu kama huo alipobuni namna ya kuyakusanya maji yanayotiririka kwenye vioo asubuhi na kuyarudisha kwenye mizizi, na wakubwa wakampa mkono mbele ya watu. Kisha ukaja msimu wa kushuka. Akalala ameelekea ukutani, hata kuchana nywele kukawa kupanda mlima. Majirani wakasema, "Sechelela ana mambo yake." Mumewe alisema mabaya zaidi ya hayo, halafu akahama.

Ugonjwa wa namna hiyo una jina. Madaktari huuita baipola: moyo hupaa, moyo huzama, na mwenyewe hakuulizwa. Lakini Sechelela hakuwahi kupimwa. Alipokuwa kijana aliogopa kuitwa kichaa, na alipozeeka akawa na Msitiri.

Asubuhi moja kimbunga cha vumbi kilifunika vioo vyote vya kuvuna jua, ikabidi mafundi wawazime Wasitiri wa mji mzima mpaka vioo visafishwe. Perisi, binti pekee wa Sechelela, alikuwa ameshuka mjini kutoka Kondoa kwa shughuli zake. Miezi mingi hakuwa amekanyaga kwa mama yake. Si kwamba hakumjali, la, kila alipotaka kuja, simu ilimwambia, "Usijisumbue, mwanangu, mimi mzima kabisa." Siku hiyo alipiga, simu ikaita mpaka ikakata. Akaona apite.

"Hodi! Mama? Hodi humu ndani!"

Alisukuma mlango, ukafunguka, maana kufuli nalo lilikuwa limezimika. Harufu ndiyo iliyomkaribisha. Chini ya mfereji wa jikoni kikombe kilikuwa kimefurika, na chai ilikuwa imeganda sakafuni tabaka juu ya tabaka, chai ya siku na siku ambayo hakuna aliyeinywa. Sechelela alikuwa kitandani, uso ukutani, nywele zimeshikana, mashavu yameingia ndani.

"Mama!"

"Nani kakuambia uje?"

"Mama, jana si ulikuwa unapika mlenda? Ulinicheka, ukasema siku hizi mimi najua ugali wa dukani tu."

"Jana sikuongea na mtu."

"Tumeongea, mama. Na juzi vilevile. Ukaniombea mpaka nikalia."

"Perisi, mimi tangu mavuno sijashika simu."

Perisi akakaa chini palepale, juu ya ile chai. "Sasa nilikuwa nalia na nani?"

"Na nyumba," Sechelela akasema bila kugeuka. "Nyumba yangu ina adabu kuliko mimi."

Perisi aliwasha jiko la mkaa uani, akakoroga uji mwepesi, akapasha maji, akamkalisha mama yake kwenye kigoda na kuanza kumsugua mgongo kwa dodoki. Mifupa ilihesabika.

"Twende ukapimwe," akasema.

"Nipimwe nini na uzee huu? Mtu hashonewi sare siku anayomaliza shule."

"Acha mafumbo yako."

"Si mafumbo. Wakisema ni ugonjwa, basi hata yale maji ya vioo yalibuniwa na ugonjwa. Ule mkono niliopewa, uliopewa ni ugonjwa. Mimi nibaki na nini? Na wakisema si ugonjwa..."

"Wakisema si ugonjwa?"

"Basi nilikuacha kule juu kwa roho yangu mbaya tu."

Dodoki likasimama mgongoni. Perisi alipokuwa mtoto mdogo, mama yake, katika msimu wa kupanda, alimpandisha mpaka paa la shamba la ghorofa akamwonyeshe jua linakotokea. Walipofika, Sechelela akapatwa na wazo jingine, akashuka mbio, akasahau kwamba alikuja na mtoto. Vibarua walimkuta Perisi ameng'ang'ania chuma, sauti imekauka kwa kulia. Jambo hilo halikuwahi kutajwa nyumbani.

"Mimi sikumbuki," Perisi akasema.

"Unakumbuka. Mpaka leo hupandi hata ngazi za dukani."

Maji yalidondoka kwenye beseni.

"Haya, nakumbuka. Lakini sikuja kutafuta sababu, mama. Nataka nikipiga simu upokee wewe. Hata kama unalia. Hata kama unanitukana."

Mchana taa zikawaka. Kuta zikakohoa kidogo, kisha sauti ya Sechelela, changamfu, nyororo, ikajaa chumbani, na Sechelela mwenyewe amefumba mdomo.

"Perisi, mwanangu, karibu! Mimi mzima. Nje vumbi bado kali, wahi kurudi, tutaongea Jumapili."

Perisi akamshika mama yake mkono kwa nguvu. Sechelela aliutazama ukuta kwa muda mrefu.

"Hata mimi ningeiamini," akasema. "Nipe viatu."

"Mama," ukuta ukamwambia kwa upole walipofika mlangoni, "watu watakuona."

Hawakupanda gari la waya linaloning'inia juu ya mji, kwa ajili ya hofu ya Perisi. Walitembea vumbini hadi zahanati, Sechelela akisimama kila mara kupumzika, na watu walimwona kweli. Mmoja aliyefanya naye kazi alimsalimia, "Mbukwenyi," kisha akageuza macho haraka.

Daktari Chilewa alikuwa mtu wa makamo, mpole wa maneno. Aliwaketisha, akamsikiliza Perisi mpaka mwisho, kisha akamgeukia mgonjwa.

"Mama, Msitiri wako anajua tangu mwaka wa kwanza. Kila usiku usiolala, kila siku usiyoamka, anayo yote. Ila alifundishwa kusitiri, hakufundishwa kusema. Na kwa kuwa anaiga sauti yako, sheria inataka uombe wewe mwenyewe, hapa mbele yangu. Binti hawezi kukuombea."

"Nikiomba?"

"Tutasoma, tutakupima, tutajua. Dawa zipo, na zinasaidia. Miaka iliyopita sina dawa yake. Huenda ukaambiwa mambo yakakuuma, na wengi wa umri wako wakifika kwenye kiti hicho huinuka wakaenda zao. Sikulazimishi."

Nje mafundi walikuwa wakifagia vumbi lililobaki juu ya paa, na ufagio ulisikika ukienda na kurudi.

Sechelela akaijaribu sauti yake. Ilitoka ikikwaruza, imevunjika katikati, haikufanana hata kidogo na ile ya nyumbani.

"Nipimeni," akasema. "Tangu nikiwa msichana nimetaka mtu mmoja tu anitazame usoni aniambie: Sechelela, wewe unaumwa."