Sarafu Mbili za Shemeji

Jumatatu ni siku ya mashuka. Zahanati inaleta yake, nyumba ya wageni inaleta yake, na chumba cha mbele cha dobi kinajaa mpaka mtu hana pa kuweka mguu. Hapo ndipo utamkuta mke wa dobi. Majirani wanamwita Mama Povu, maana asubuhi ana povu mpaka kwenye viwiko, na mdomo wake haupumziki. Akiloweka anaongea, akisuuza anaongea. Nani kahama, nani karudiana na mumewe, nani kanunua kochi lisilopita mlangoni, habari zote hupitia kwake kwanza.

Lakini Jumatatu hiyo alikuwa kimya. Alikuwa anakamua shuka pamoja na mumewe, huyu kashika ncha hii, yule ncha ile. Walipolizungusha mara ya tatu, akaliachia. Shuka likaanguka sakafuni.

"Tena?" Dobi akauliza kwa upole.

"Tena."

Vifundo vya mikono yake vilikuwa vimevimba. Daktari alishamwambia, na si mara moja: aache kukamua kwa mkono, la sivyo iko siku vidole vitakataa hata kufunga kifungo. Dobi naye hakuweza kuifanya kazi ya watu wawili peke yake. Kilichotakiwa ni mashine ya kukamua nguo, na bei ya mashine ilikuwa haikamatiki.

Wiki hiyo ikaja bahasha. Kaka yake Dobi alikuwa amefariki miezi miwili nyuma. Alikuwa fundi wa lifti, hana mke wala mtoto, na watu walidhani ni bahili. Kumbe alikuwa akinunua sarafu za zamani. Ndani ya bahasha mlikuwa na sarafu mbili, moja ya shaba na moja ya fedha. Kila moja ilikuwa ndani ya kisanduku chembamba cha plastiki ngumu, kimezibwa pande zote. Humo ndani, juu ya sarafu, kulikuwa na kikaratasi chenye namba ndefu. Pamoja nazo kulikuwa na karatasi moja, imekunjwa mara nne.

"Shemeji katukumbuka," alisema Mama Povu. "Tukiziuza hizi, mashine tumepata."

Dobi alizigeuza mkononi, akakunja uso. "Lakini hii ya shaba imekuwa kahawia kama sufuria iliyoungua. Kaka aliwezaje kufungia uchafu ndani ya plastiki?"

Miaka ishirini mtu huyo alikuwa analipwa kwa kuondoa uchafu. Akiona doa kwenye shati la mpita njia, anakosa raha mpaka jioni. Mkewe alimjua, lakini siku hiyo hakumtilia maanani. Alibeba mashuka makavu akaenda zahanati.

Aliporudi, aliongozana na jirani yao, Fundi Saa, aliyekuwa anafuata shati lake. Walimkuta Dobi anatabasamu kama bwana harusi.

"Mama, njoo uone."

Sarafu ya shaba ilikuwa juu ya meza ya kupigia pasi, inang'aa kama kitasa kipya. Pembeni yake kulikuwa na nusu ya ndimu na brashi ya kusugulia kola. Kisanduku chake kilikuwa vipande viwili. Dobi alikuwa ameshashika kisanduku cha pili, kile cha sarafu ya fedha, na ncha ya bisibisi ilikuwa kwenye mshono.

"Weka bisibisi chini, jirani," alisema Fundi Saa, taratibu sana.

"Usiwe na wasiwasi, shati lako liko tayari."

"Shati halina neno. Weka tu chini."

Dobi akaweka. Fundi Saa alichukua kile kioo chake cha jichoni, kile cha kutazamia vyombo vidogo vya saa, akampa Mama Povu. "Itazame hiyo ya shaba. Unaona nini?"

Mama Povu alitazama. Sarafu ilikuwa imejaa mistari, mamia kwa mamia, kama uwanja wa vumbi uliotoka kufagiliwa. "Mikwaruzo," alisema.

"Basi na mnunuzi ataona hiyohiyo. Wanaokusanya sarafu hawataki ing'ae. Wanataka ibaki jinsi miaka ilivyoiacha. Ile kahawia haikuwa uchafu. Ilikuwa umri wake."

"Na plastiki je?" Dobi akauliza. Tabasamu lilikuwa limeshamtoka.

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kuna kampuni za kupima sarafu. Wataalamu wao wanaikagua, wanaipa daraja, kutoka moja mpaka sabini, kisha wanaifungia humu na namba yake. Mnunuzi anaangalia namba, anaangalia daraja, anajua anachonunua. Ukishafungua, kile kikaratasi hakina habari tena na sarafu yako. Nani atajua kama hukuibadilisha?"

"Sasa ina thamani gani?"

"Ya kipande cha shaba, jirani. Sitaki kukudanganya."

Dobi alikaa juu ya furushi la mashuka. Mama Povu alikuwa na maneno ya kutosha mtaa mzima. Alimtazama mumewe, akayameza karibu yote.

"Wewe na brashi yako," alisema. "Iko siku utanisugua mimi nikiwa usingizini."

Dobi alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka kulia. "Niliona nitaiongezea bei. Kwa ajili ya mikono yako."

"Najua. Ndiyo maana sikupigi."

Ikabaki sarafu moja. Mama Povu akaikunjua ile karatasi, akaisoma polepole, kidole kikitembea chini ya kila neno. Ilitoka kwenye duka alikonunua marehemu. Ilikuwa ahadi ya kununua tena. Duka litainunua tena sarafu ile wakati wowote ndani ya miaka kumi, kutoka kwa mwenyewe au mrithi wake, mradi iwe ndani ya kisanduku ambacho hakijafunguliwa.

"Kwa hiyo watatupa pesa aliyotoa shemeji?"

"Soma tena," alisema Fundi Saa. "Bei gani imeandikwa?"

Kidole kikarudi nyuma. "Bei ya soko, ya siku inaporudishwa, kwa daraja lake."

"Basi inaweza kuwa juu, inaweza kuwa chini. Na jambo jingine. Ahadi hiyo ina nguvu kama aliyeitoa bado yupo. Duka likishafungwa, karatasi hiyo utafungia njugu."

"Na wewe unaionaje sarafu yenyewe? Ni nzuri?"

"Mimi najua saa, mama. Usiniulize cha watu wengine."

Kesho yake mke na mume walivaa nguo zao nzuri wakaenda. Duka lilikuwa bado lipo. Mwenye duka alikuwa mzee mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani.

"Shikamoo, mzee," alisema Mama Povu.

"Marahaba, mwanangu. Huyu marehemu alikuwa mteja wangu. Poleni sana." Alisema kwa moyo, ikaonekana. Kisha akaiinamia sarafu, akakaa nayo muda mrefu. "Kikaratasi cha humu ndani kinasema daraja la sitini na tano. Mimi naiona sitini na tatu. Kampuni ilimfanyia ukarimu." Akataja bei. Ilikuwa nusu ya bei ya sitini na tano, na isingefika hata mlangoni kwa muuza mashine.

Dobi alimvuta mkewe pembeni. "Tuchukue, mama. Moja nimeshaiharibu. Tusiiharibu na hii kwa ubishi."

 Mama Povu aliikunjua karatasi juu ya kaunta ya kioo, kidole kikashuka mpaka mstari wa mwisho, wenye herufi ndogo kama sisimizi. "Mzee, hapa panasema hivi. Muuzaji na mnunuzi wakitofautiana juu ya daraja, sarafu itapelekwa kwa mkaguzi wa nje, asiyenunua wala kuuza. Neno lake litafuatwa na wote wawili."

Mzee alivua miwani. "Ni kweli. Wengi hawafiki mstari huo."

"Mimi nafua suruali za watu, mzee. Nimezoea kuingiza mkono mpaka chini ya mfuko."

Mzee akacheka. "Sikudanganyi, mwanangu. Mimi ni mnunuzi. Jicho la mnunuzi linatangulia kuona kasoro."

"Ndiyo maana nataka jicho lisilonunua."

Mkaguzi alikuwa mwanamke kijana, mwenye chumba kimoja ghorofani. Mapazia yalikuwa meusi na taa ilikuwa moja tu. Alitaka ada yake kwanza, akaiweka kwenye mtoto wa meza.

"Msiniambie mmeambiwa bei gani," alisema. "Wala nani kasema nini."

"Na ukiona daraja si lenyewe?" aliuliza Mama Povu.

"Nitaandika kwamba si lenyewe. Ada ni ileile. Ningekuwa nalipwa zaidi nikisema ndiyo, neno langu lingekufaa nini?"

 Mama Povu hakuwahi kulifikiria hilo, kwamba mtu unamlipa ili aweze kukukatalia.

Mkaguzi aliingiza namba kwenye kompyuta. Ikatokea picha ya sarafu, iliyopigwa na kampuni siku ilipoipima. Akalinganisha kidoa kimoja cheusi karibu na ukingo: kwenye picha kipo, kwenye sarafu kipo, palepale. Kisha akakigeuza kisanduku chini ya taa, akasita.

"Kuna alama hapa kwenye mshono. Mtu amejaribu kufungua."

 Mama Povu alimgeukia mumewe.

"Ni mimi," alisema Dobi. "Ni bisibisi. Nilitaka kuifua."

Mkaguzi aliinua kichwa. "Kuifua?"

"Mimi ni dobi, dada."

Mkaguzi alifunika mdomo kwa mkono, kisha akarudi kwenye lenzi. Alikagua mshono wote, upande kwa upande, bila haraka. "Alama iko juu tu. Haikuingia. Kisanduku hakijafunguliwa." Dobi alipumua. "Lakini usikiguse tena. Kikichafuka au kikikwaruzwa sana, kampuni ndiyo inayokibadilisha, si mtu nyumbani."

Baadaye aliigeuza sarafu kwenye mwanga, kidogo kidogo, mara kushoto, mara kulia. Mwisho akazima taa, akafungua pazia.

"Sitini na tano. Sitini na tano nzuri."

Alibandika kibandiko kidogo cha bluu kwenye kona ya kisanduku, chenye jina lake na namba. Akaandika barua, akaigonga muhuri. Mama Povu aliisoma yote, palepale, kabla ya kuaga.

Mwenye duka naye aliisoma yote. "Neno lake ni neno langu," alisema. "Tulishaandika." Akafungua daftari la bei za siku hiyo. Bei ilikuwa imeshuka kidogo tangu marehemu aliponunua, na mzee hakuficha, aliwaonesha kwa kidole. Hata hivyo ilitosha mashine, pamoja na gari la kuibeba. Kilichobaki kilikuwa kidogo sana.

Wakiwa wanatoka, mzee akauliza, "Na ile ya shaba? Marehemu alinunua mbili siku moja. Nina mteja anayetafuta kama ile kwa miaka minne sasa."

Dobi alisimama mlangoni. "Ilikuwa chafu," alisema. Mzee alimtazama, akaelewa, akarudisha miwani machoni bila kuuliza zaidi.

Siku ya pili walikuwa kwa muuza mashine, kijana wa maneno mengi.

"Mama, mashine hii usihofu. Ikikusumbua hata mwaka ujao, nipigie tu. Mimi ni mtu wa neno langu."

"Basi liandike hilo neno."

"Mama, huniamini?"

"Nakuamini, mwanangu. Mimi nataka kuliamini hata wewe ukiwa umehama hapa."

Kijana akatoa karatasi ya dhamana, imechapwa, ina muhuri. Mama Povu aliomba kiti. Watu wawili walimpita kwenye foleni, yeye anasoma. Akauliza nani atakuja kutengeneza, na anatoka wapi, na vipuri ni juu ya nani. Mawili kijana aliyajibu. La tatu ilibidi aliandike kwa kalamu, akatia sahihi.

Jumatatu iliyofuata mashuka ya zahanati yalikamuliwa na mashine. Mama Povu aliyatumbukiza, akafunga mfuniko, mashine ikanguruma mpaka vikombe vikatikisika rafuni. Mikono yake ilikuwa imefungwa bendeji, imetulia mapajani, juu yake kuna ile karatasi ya dhamana. Alikuwa akiisoma tena, kwa sauti ya juu ili mumewe asikie.

"Sikiliza hapa, baba. Mashine ikifunguliwa na mtu asiye fundi wetu, dhamana imekwisha."

Akainua macho.

Dobi alikuwa amesimama nyuma ya mashine, anatazama doa dogo la mafuta kwenye kifuniko cha nyuma. Alilitazama kwa muda. Kisha akatia mikono mifukoni, akaenda kuanika mashuka.