Ameiva, Ijumaa Tunamtoa

Wazazi wenzangu, sogezeni viti. Kisa hiki kinatuhusu sisi tunaojua kila kitu kabla ya kuuliza.

Palikuwa na fundi cherehani, mjane, aliyeishi na bintiye katika chumba kimoja kinachotazama barabara. Jioni mama alikanyaga cherehani, binti akashona vifungo, nyumba ikatulia. Binti huyo alikuwa na kigugumizi. Alipoanza, "Mama, ni-ni-ni...", mama alimmalizia: "Unataka chai. Haya, chukua." Naye aliinywa, hata kama chai hakuitaka.

Muhula mmoja binti akaanza kuchelewa kurudi. Usiku akawa ananong'ona chini ya shuka huku mguu ukitikisika. Mama akaingiwa na shaka.

"Unabaki na nani shuleni?"

"Na m-m-mwalimu wa..."

"Basi, nyamaza. Nitajua mwenyewe."

Kujua mwenyewe ni kumwuliza jirani aliyeuza peremende langoni mwa shule, yule tuliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki.

"Shoga, kaa chini kwanza," Redio akasema. "Nimemsikia kwa masikio yangu Mwalimu Miwani, huyo anayebaki naye, akimwambia mkuu wa shule, 'Yule binti ameiva. Ijumaa tunamtoa.'"

"Ameiva? Wanamtoa wampeleke wapi?"

"Mimi simo. Ila tunda likiiva huliwa."

Jamani, maneno hayo yalitosha. Kabla ya Ijumaa mtaa mzima ulishaamini kwamba Miwani ni dalali wa kuozesha mabinti. Mwalimu wa watu akisalimu, haitikiwi. Nasi tuliojiita waungwana tulivuta watoto wetu ng'ambo ya barabara.

Ijumaa mama akavamia ukumbi wa shule, futi ya kupimia ingali shingoni. "Mwanangu hatolewi hapa!"

Binti alikuwa jukwaani, katikati ya hotuba ya kuwaaga wanaomaliza shule. Kumbe huko ndiko alikotolewa, kwa kuwa ameiva kuhutubia! Alipomwona mama akakwama. "Ni-ni-ni..." Wanafunzi wakaanza kucheka.

Mwalimu Miwani akasogea karibu na jukwaa. Aligonga sakafu kwa mguu wake: kisigino, vidole, kisigino, vidole. Mama akaujua mwendo ule. Ulikuwa wa cherehani yake. Binti naye akakanyaga, na maneno yakaanza kufuatana kama mshono.

"Ninamshukuru mwalimu aliyeniuliza ni wapi ulimi wangu hulegea. Nikamjibu, kando ya cherehani ya mama. Alinisubiri mpaka nikamaliza kujibu."

Mama alikaa chini palepale na kulia. Baadaye alimwomba mwalimu msamaha mbele ya watu wote.

"Nimesamehe, mama," Miwani akasema, "lakini wa mtaani nitawasafishia masikio mmoja mmoja?"

Hakuweza. Muhula ulipokwisha aliomba uhamisho, akaondoka.

Jioni ya Ijumaa ile, nyumbani, binti aliuliza, "Mama, kwa nini hu-hukuniuliza mimi?"

"Nilikuuliza, mwanangu."

"Hukungoja."

Mama akauondoa mguu kwenye cherehani. "Sema," akasema. "Leo nangoja."

MAFUNZO

Dhana mbaya huota pale tunapokosa subira ya kusikiliza. Ukimshuku mwalimu, muulize mwanao, kisha ungoje jibu hadi mwisho wake, hata likichukua jioni nzima. Na mwalimu anayemjenga mwanao mshukuru angali jirani. Sisi shukrani zetu tulizipeleka kituoni, basi lake limeshaondoka.