Limbuko la Njegere

Salehe alimpiga kikumbo Chausiku sokoni Morogoro, siku gari la moshi la Mdachi lilipoleta wageni na kila mtu akakimbilia kuuza. Njegere zikamwagika. Kijana huyu, mpakua mizigo wa stesheni, kanzu safi na kofia kaiweka upande makusudi, akainama kuziokota huku macho yakiwa kwa binti.

"Pole, bibie. Za bei gani?"

"Za mtu anayetazama anakokwenda."

Alinunua. Akawa ananunua kila siku ya soko, na njegere mwenyewe hazipendi.

Kwao Mlali, Chausiku alilelewa na bibi yake ambaye macho yalikuwa yamefifia. Njegere za huko ziliungua na jua kabla ya kubeba. Kila msimu Chausiku alifunga uzi mwekundu kwenye mashina yaliyotangulia kuzaa, akayaacha yakauke, akapanda mbegu za hayo tu. Zikawa zinawahi zaidi na zaidi. Mwaka ule majirani wote walizingojea mbegu zake.

Salehe akaja kujitambulisha. Chausiku alikuwa mtoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umeniletea nini?"

Mikono mitupu, masikini! Akaona nyuzi shambani, akadhani zinaonyesha zilizo tayari. Akachuma zote, mbichi, akampikia bibi alimbuke. Ndivyo alivyofunzwa: kinachotangulia kuiva huonjwa na mkubwa.

Chausiku alirudi akakuta chungu kitupu.

"Umepika mbegu."

"Mbegu gani, mpenzi? Shamba limejaa!"

"Zilizobaki ni za kuchelewa."

"Nitukane basi!"

"Sina hasira. Nenda, Salehe."

Alisema kweli. Hakuhisi kitu, kama mkono uliolaliwa. Majirani wakapanda mihogo. Yeye akapanda zile za kuchelewa, bila kujua kwa nini.

Mvua zilipokolea, Salehe akatokea na jembe begani.

"Stesheni nimeacha. Nataka kukuoa, tuanze upya."

"Itachukua miaka."

"Najua. Unanipenda bado?"

Chausiku akajitafuta moyoni, hakukuta mapenzi wala chuki.

"Sijui. Upande ule haujapaliliwa."

Salehe akapalilia mpaka jioni, mgongo ukimuuma. Bibi alipowaita kula, Chausiku akamletea maji ya kunawa. Viganja vya mpakua mizigo vilikuwa vimechubuka.

"Nani analia huko?" bibi akauliza.

"Mimi, bibi," akajibu Chausiku, na ndipo mwenyewe alipojua.