Mstari Niliomwachia Mpenzi Wangu

"Vuta pumzi, bibi harusi."

"Nimevuta."

"Hiyo ya kuazima. Vuta yako."

Fundi alikuwa amebana pini tano mdomoni na bado utani ulipata pa kupenya. Nilisimama juu ya kigoda mbele ya kioo chake, gauni jeupe limenikaa vizuri kuliko nilivyotarajia, mara simu ikalia kwenye mkoba. Akanipa. Ujumbe ulitoka kwa Mama Funguo, msimamizi wa kituo chetu, mtu asiyeandika maneno mengi hata akifiwa:

"Kamati imejibu. Wametukataa. Njoo."

"Habari njema?" fundi akauliza.

"Nivue," nikamwambia. "Taratibu, usinichome."

Ngoja niwaeleze, msije mkaniona mwehu anayelilia barua siku ya kupima gauni. Mimi ni mhudumu wa jamii. Kituo chetu kilianzishwa na watu wa mtaani wenyewe, kinaishi kwa michango na ruzuku. Tunawafuata wazee walioachwa, watoto wanaopigwa, wagonjwa wasio na wa kuwageuza kitandani. Ng'ambo ya barabara ipo ofisi ya serikali ya ustawi wa jamii, na humo wamo maafisa wa kazi hiyohiyo. Tulisoma nao chuo kimoja, tukatoka na cheti kimoja. Ila mwisho wa mwezi wao wanapata mara mbili yetu, na pensheni juu. Sisi tukiuliza tunaambiwa tuna moyo. Moyo ni kitu kizuri, lakini mwenye nyumba wangu hapokei moyo.

Kwa miaka mitatu wahudumu wa vituo vyote tulidai pengo hilo lizibwe. Mwisho ikaundwa kamati, na kituo chetu kikachaguliwa kukaguliwa kwa niaba ya vingine. Ikionekana kazi ni sawa, mshahara unakuwa sawa. Ikionekana si sawa, hakuna kuuliza tena mpaka miaka mitano ipite. Wenzangu wanne walishasema wazi kwamba wakikataliwa wanaacha kazi. Mimi nilikuwa na langu la ziada. Mchumba wangu ni afisa wa ofisi ile ya ng'ambo, nami nilitaka kuingia kwenye ndoa nikiwa mwenzake, si mtu wa kuachiwa hela ya sabuni mezani.

Nilimkuta Mama Funguo amekaa na barua mapajani, funguo zake shingoni kama kawaida.

"Kaa kwanza, mwanangu."

"Nitasimama."

"Basi shika meza."

Akasoma polepole: "Kamati imepitia mafaili mia moja na kumi na mawili ya kituo hiki. Yote yameandaliwa na kuidhinishwa na afisa wa serikali. Kwa hiyo wahudumu wa kituo ni wasaidizi wake, na kazi yao haiwezi kulinganishwa na yake."

Akavua miwani.

"Wasaidizi. Miaka kumi na tisa naosha vidonda vya watu, kumbe nilikuwa nasaidia."

Nilishajua swali linalokuja.

"Mafaili haya uliandika wewe. Nilikuwa nakuona kwa macho yangu, chai inapoa hapo pembeni. Kwa nini jina lako halimo hata kwenye moja?"

Kila faili letu lina mistari miwili mwishoni. Wa juu unasema 'Limeandaliwa na', ni wa aliyefanya kazi. Wa chini unasema 'Limeidhinishwa na', huo ni wa afisa. Miaka minne nyuma mchumba wangu alikuwa hajathibitishwa kazini, na bosi wake alimwambia mafaili yake ni machache mno. Akanijia ameinamisha kichwa. "Kalamu," akaniambia, jina alilonipa chuoni, maana nusu ya darasa walisoma kwa maandishi yangu, yeye wa kwanza. "Kalamu, niachie huo mstari wa juu mara mbili tu, mpaka nithibitishwe." Nikamwachia. Mbili zikazaa kumi. Akathibitishwa, nami nikaendelea kuuacha wazi, kwa mazoea na kwa mapenzi. Nilijipalia makaa mwenyewe, tena kwa mpangilio mzuri.

"Mimi ndiye niliyeuacha wazi, Mama," nikasema. "Lakini kamati iliita mashahidi. Lazima walimuuliza."

"Walimuuliza. Soma ukurasa wa pili."

Ukurasa wa pili ulikuwa mfupi. 'Afisa husika aliulizwa kama mafaili aliyaandaa mwenyewe. Alijibu: Ndiyo, ni yangu.' Chini yake tarehe. Niliikumbuka tarehe hiyo. Jioni yake alinipeleka kuchagua kitambaa cha gauni, akaniambia nisiangalie bei.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nausikia msemo huo tangu mtoto, siku ile ndiyo nikauelewa.

"Nitaenda kuwaambia mwenyewe," nikasema.

"Nimeshawapigia. Neno letu halitoshi. Lazima mwenye saini aikane, kwa maandishi, ndani ya siku kumi na nne."

Nikavuka barabara. Ofisini kwa mchumba wangu feni ilikuwa inazunguka na karatasi zimekandamizwa kwa kikombe nilichomnunulia mimi. Aliponiona akasimama, uso wote tabasamu.

"Kalamu, mbona mapema? Gauni limekaa?"

"Limekaa. Faili namba sabini na nane ni la nani?"

"Faili gani tena?"

"Ni lako. Umeiambia kamati ni lako."

Tabasamu likapungua, halikuisha. "Sabini na nane... yule bibi wa nyumba ya bati. Mwenye kidonda mguuni."

"Mguu upi?"

Akatazama dirishani. "Wa kushoto."

"Wa kulia. Umekula, umelala, umethibitishwa kazini kwa mguu wa yule bibi, na hujui ni upi."

"Funga mlango kwanza."

"Mlango hauna kosa."

Akaketi, akashika kichwa. Nitasema ukweli, hata pale nilimwonea huruma. Ndiyo shida ya kumpenda mtu.

"Ningesema nini?" akauliza kwa sauti ya chini. "Kusaini kazi ya mwingine ni kosa la kufukuzwa. Mwezi ujao napewa ukuu wa ofisi. Ningewaambia si yangu, leo ningekuwa nje na mkoba wangu. Harusi tungefanya na nini?"

"Kwa hiyo ulinilinda."

"Nilitulinda. Mshahara wangu si wako?"

"Sikuomba wako. Niliomba wangu."

"Nisikilize basi, mpenzi." Akaja upande wangu wa meza, akaanza nyama ya ulimi. "Nikishika ukuu, kuna nafasi moja hapa. Nakuleta. Miezi miwili tu na wewe ni afisa. Pengo lako limezibwa. Unataka nini zaidi?"

"Na Mama Funguo? Na wale wanne?"

"Siwezi kuoa kituo kizima."

Nilicheka. Hakustahili, lakini nilicheka, kwa sababu ndivyo alivyonipata tangu chuoni, kwa kunichekesha nikiwa na hasira. Nilipomaliza kucheka hasira ilikuwa bado ipo, imekaa palepale.

"Andika barua," nikamwambia. "Sentensi moja, kwamba aliyeandaa ni mimi. Lawama nitabeba nusu. Nitasema mstari niliuacha kwa hiari yangu, hukunilazimisha. Wakikufukuza, tutaishi kwa mshahara wangu mpaka upate kazi nyingine."

"Mshahara wako?" Ilimtoka kabla hajaizuia. Akaona uso wangu. "Sikumaanisha hivyo."

"Ulimaanisha. Ndiyo maana tunaudai."

Akarudi kwenye kiti chake. Kisha akaniuliza, "Unanipenda bado?"

"Ndiyo maana bado nazungumza na wewe, siyo na bosi wako."

"Basi nitaandika. Nipe mpaka siku ya mwisho."

Nikamwamini. Msinicheke.

Siku hizo kumi na nne mama yangu alinipigia kila asubuhi.

"Mwanangu, nasikia unataka mwenzio afukuzwe kazi."

"Nataka aseme kweli, Mama."

"Kweli haina pensheni. Mwanaume wa serikali amekuja mwenyewe mlangoni, wewe unamtahini mguu wa bibi wa watu?"

"Mama, ungekuwa wewe ndiye huyo bibi?"

"Ningetaka mwanangu aolewe," akasema, akakata simu.

Siku ya kumi na nne tulikaa kituoni, Mama Funguo na mimi, tukiiangalia saa ya ukutani. Ofisi ya kamati inafungwa saa kumi jioni. Saa saba hakuna kitu. Saa nane nikamwandikia, "Nakusubiri." Ikaonyesha amesoma. Saa tisa na nusu simu ikatetemeka mezani.

"Nimeandika mara tatu nikachana. Siwezi, Kalamu. Nisamehe. Harusi iko palepale, ukipenda."

Nikapiga. Simu ilikuwa imezimwa.

Mama Funguo alisoma usoni mwangu.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa naomba nikosee."

"Wale wanne tutawaambia nini?"

"Hakuna cha kuwaambia. Walishaanza kukusanya vitu vyao mchana."

Wiki ile waliondoka wote wanne. Mmoja akaenda kuuza dukani kwa shemeji yake, na alikuwa ndiye bingwa wetu wa kuzungumza na watoto waliogoma kusema. Pete ya uchumba niliirudisha kwenye bahasha ya ofisi, nikamwandikia katika kitabu cha kupeleka barua ili asaini kuwa ameipokea. Ile saini aliitia haraka. Fundi alipiga kuulizia gauni, nikamwambia atafute mwenye mwili kama wangu na bahati kuliko yangu.

Miezi miwili ikapita. Alipewa ukuu wake.

Asubuhi moja jirani wa nyumba ya bati alikuja kituoni mbio. Mjukuu wa bibi alikuwa amelewa, amempiga teke palepale kwenye kidonda. Tukamleta, tukamlaza kwenye benchi la chumba cha Mama Funguo. Mguu ulikuwa umevimba na harufu imeanza. Kurudi kule kusingewezekana. Alihitaji kupelekwa makao ya wazee yenye muuguzi, na makao hayo hayampokei mtu bila faili lililosainiwa ng'ambo ya barabara.

Niliandika faili jipya siku hiyohiyo. Kwenye mstari wa juu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, nikaandika majina yangu yote matatu. Niliyaangalia kidogo kabla ya kulipeleka.

Siku ya pili yake likarudi. Lilikuwa limebanwa karatasi ndogo, na mwandiko sikuhitaji kuulizia:

"Limerudishwa. Aliyeandaa ni msaidizi, hana mamlaka. Lijazwe upya. Afisa Mkuu."

Nilisimama mlangoni nalo mkononi. Bibi akafumbua macho.

"Karatasi bado, mwanangu?"

"Bado kidogo, bibi."

"Kwani ina kasoro gani?"

"Ina jina moja la ziada."

"Si ulifute tu," akasema. "Mguu unauma."

Nikaenda kwenye kompyuta, nikachapa upya ukurasa wa mwisho. Mstari wa juu nikauacha wazi. Mama Funguo akaja akasimama nyuma yangu.

"Usifanye hivyo."

"Mguu utaoza, Mama."

"Wanataka tufanye hivyohivyo ili waseme tena ni kazi yao."

"Najua. Nipe njia nyingine, niifuate."

Mama Funguo aliuchukua ukurasa wenye jina langu pamoja na kile kikaratasi cha Afisa Mkuu, akavifungia kwenye droo yake, ufunguo akaurudisha shingoni.

"Miaka mitano si mingi," akasema, lakini hata yeye hakuonekana kuamini.

Nikavuka barabara. Alikuwa na ofisi kubwa sasa, feni mpya, kikombe changu hakipo. Aliponiona akainuka nusu, akakaa tena.

"Kalamu..."

"Saini, Afisa. Gari linasubiri."

Nikamfungulia ukurasa wa mwisho. Akauona mstari wa juu uko wazi, akaelewa, masikio yakambadilika rangi. Kwa muda alishika kalamu bila kuandika, nami Mungu anisamehe, hata pale nilitumaini. Nilidhani huenda akageuza karatasi, akanisukumia, akasema andika jina lako.

"Ni yule bibi?" akauliza bila kuniangalia.

"Ndiye."

"Mguu upi?"

"Umeandikwa humo. Soma."

Hakusoma. Alisaini mistari yote miwili, akapuliza wino, akanirudishia faili.