Mlingoti wa Mgeta

Siku Rosa alipokutana na Leonard, mkahawa wa intaneti karibu na soko la Morogoro ulikuwa umefurika wanafunzi wa chuo kikuu, na kompyuta zote zilikuwa zimeganda. Rosa, mwalimu wa sekondari kule juu Mgeta, alikuwa ameshuka na lori la karoti. Sketi yake ya bluu ilikuwa bado na tope la mlimani. Chini ya meza yake kijana mmoja alikuwa akihangaika na nyaya.

"Dada, nisogezee huo mguu mzuri."

"Mguu haukuhusu. Lete mtandao."

Kijana akacheka mpaka akajigonga kichwa mezani. Mambo yakaanzia hapo.

Leonard, mtu wa Njombe, alikuwa mhandisi wa chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa kufikisha intaneti ya kasi kutoka chuoni hadi shule za vijijini, na shule ya Rosa ingekuwa ya kwanza. Kilichokosekana ni kilima cha kusimika mlingoti wa kupokea mawimbi. Kila jioni Rosa alijifunga khanga mbili kwa baridi, akapanda mahali simu iliposhika, wakaongea mpaka chaji ikaisha. Alimpenda bila kujizuia. Aliwapenda pia wanafunzi wake, ambao mpaka hapo kompyuta waliijua kwa kuchorewa ubaoni.

Leonard alipopanda Mgeta kuomba kilima na kuposa, alimwendea Mzee Fransisko, baba yake Rosa, maana kwao Njombe baba ndiye mwenye mji. Rosa alikuwa shuleni akisahihisha mitihani. Mzee, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuombwa kitu kikubwa, akakubali yote mawili na kuchinja kuku. Hakusema kwamba kwa Waluguru, kabila lao, ardhi ni ya ukoo wa mama, na mabinti vilevile, na mwenye kauli ni mjomba.

Mafundi walipochimba msingi walitoa chungu, kisha mifupa, lakini mlingoti wakausimika. Kabla ya Jumapili fundi Bonifasi alikuwa amekufa kwa homa. Ukungu ukashuka ukakaa, na wanawake waliozoea kumsalimia Rosa njiani wakaanza kugeuza nyuso.

"Kwa nini hukumwona mjomba?" Rosa akamuuliza Leonard kwenye simu.

"Ungeniambia, mpenzi. Mmeniacha nijichimbie shimo mwenyewe."

"Ulimuuliza baba. Mimi hukuniuliza."

Leonard akakata simu. Masika yote hakupiga tena.

Akarudi siku moja kwa miguu, peke yake, akapiga magoti mbele ya Mjomba Gervas. Rosa alipoona alivyokonda, hasira zote zikamtoka. Wakashikana mikono mbele ya wazee bila haya. Mjomba hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililowatisha.

"Aliyefukua makaburi yetu haondoki na vyote viwili," alisema. "Mlingoti, au binti. Mkisema mlingoti, tutatambika ubaki."

"Binti," Leonard akajibu upesi. "Kesho naung'oa."

Rosa alikuwa ameyasubiri maneno hayo masika yote. Sasa yalimuumiza. Akilini aliwaona wanafunzi wake wakikodolea macho ile kompyuta ya chaki, na akatambua kwamba hata safari hii Leonard hakumgeukia kumuuliza.

"Mlingoti ubaki, mjomba," akasema. "Na mimi nabaki."

"Rosa."

"Nenda kabla giza halijaingia, Leonard. Njia inateleza."

Alilia wiki nzima, wala hakuficha.

Januari mtandao ukafunguliwa. Darasa lilijaa hadi madirishani, na watu wazima waliacha bustani za kabichi wakaja kuona. Kioo kikawaka, na kutoka chuoni, akiwa amekaa mbele ya kamera, akatokea Leonard. Watoto wakapiga makofi.

"Mwalimu, mnanisikia?"

Rosa aliwaashiria watoto watulie.

"Tunakusikia vizuri. Endelea na somo."

Leonard akageukia ubao uliokuwa nyuma yake, akaanza kufundisha.