Kanda ya Harusi ya Wegesa

Mwaka ule dhahabu ilipopanda bei, stendi ya Tarime ilikuwa haipitiki. Vijana kutoka kila upande walishuka na mabeleshi yao wakiulizia magari ya Nyangoto, na wauza simu walikuwa wamepanga meza hadi mlangoni mwa choo. Wegesa alipita meza moja baada ya nyingine, amevaa gauni la kitenge cha rangi ya machungwa na kilemba cha kufanana nalo, mkononi ana kanda ya video, ile kubwa nyeusi ya zamani. Aliuliza nani anaweza kuihamishia kwenye simu. Wa kwanza alimcheka. Wa pili aliigeuzageuza, akauliza hiyo ni betri ya nini.

"Nipe mimi," alisema mwanamume aliyekuwa akinunua waya pale. "Nina deki yake."

Wegesa alimtazama kuanzia viatuni. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hata kwenye mfuko.

"Hiyo deki inafanya kazi, au na wewe unataka kunicheka?"

"Inafanya kazi ikipenda."

Aliitwa Simioni, na alikuwa na studio ya picha na video za harusi huko Nkende. Walipokuwa wakienda huko Wegesa alimweleza. Kanda ilikuwa ya harusi yake na Ryoba. Ryoba alifia Nyangoto, shimo alilokuwa akichimba dhahabu lilipoporomoka, binti yao Boke akiwa bado ananyonya. Mama yake Ryoba, Mama Efrazia, aliishi Nyansurura, upande wa Serengeti, na sasa uzeeni alitaka jambo moja tu: kumsikia tena mwanawe. Kwenye harusi ile Ryoba alikuwa ametoa hotuba ya kumshukuru.

Simioni aliahidi kazi itakuwa tayari kesho yake. Laiti angenyamaza. Kile kifaa chake cha kuingiza video kwenye kompyuta kilikubali programu moja tu, ya zamani, na programu ile ilikubali kompyuta moja tu, ya zamani zaidi, iliyonguruma kama mashine ya kusaga. Halafu kanda ilibidi ichezwe yote, mwanzo hadi mwisho, yeye akiilinda. Basi akakaa akimtazama Wegesa anashuka garini, Wegesa anakata keki, Wegesa anamlisha Ryoba. Ryoba alipoinuka kushika kipaza sauti, programu ikaganda. Akaanza upya. Keki ikakatwa upya. Ryoba akainuka, programu ikaganda palepale.

Akajaribu kuanzia katikati. Hotuba ikaingia yote, lakini sauti ikawa inachelewa: Ryoba anafunga mdomo, ndipo maneno yanatoka. Simioni alikuwa mtu wa kuringia kazi yake. Akasema kitu kama hicho hakitoki studioni kwake, akaendelea kupambana na ile mashine.

Kila jioni Wegesa alimpigia kutoka Nyangoto, alikokuwa akiwauzia wachimbaji chapati na maharage.

"Simioni, hiyo kesho yako inafika lini?"

"Mama Boke, umeme umekatika."

"Jana ulisema programu. Juzi ulisema haijawa safi."

"Jana ilikuwa programu. Leo programu imekubali, umeme umekataa."

Wegesa alifyonya, akamgombeza, kisha akamuuliza kama amekula. Wakaongea mpaka salio likaisha. Ikawa hivyo kila siku, ugomvi kwanza, mengine baadaye. Siku za gulio akija mjini alikaa kwenye benchi la studio, akiitukana ile kompyuta kwa Kikurya, na Simioni akajikuta anapiga pasi shati la siku hizo kwa bidii zaidi.

Alasiri moja aliisimamisha kanda keki ikikatwa.

"Wegesa," alisema, kwa mara ya kwanza bila kumwita Mama Boke. "Nimekutazama ukiolewa kila siku tangu uje hapa. Nimechoka. Nataka uolewe na mimi."

Wegesa aliinamisha macho. "Acha kazi iishe kwanza. Siwezi kukujibu mwenzio akiwa bado amesimama pale kwenye kioo."

Simioni akabonyeza kanda iendelee. Deki ikakwaruza, picha ikajaa mistari, kisha kioo kikawa cheusi. Alipoitoa kanda, utepe wake ulifuata nje umekunjamana kama utumbo wa kuku. Deki ilikuwa imeutafuna.

Wegesa alisimama. "Umefanya makusudi."

Simioni aliapa kwa Mungu. Alimwonyesha deki, gurudumu lililochakaa, kila kitu. Wegesa hakusikiliza.

"Nimekuambia subiri, na hapohapo kanda imeharibika. Unamwonea wivu marehemu." Akachukua mkoba wake, akaondoka, akiacha kanda ikining'inia mkononi mwa Simioni.

Tangu siku hiyo Wegesa hakupokea simu zake. Simioni alimkasirikia Wegesa, akaikasirikia deki, akawakasirikia watu waliotengeneza programu ile na kuitelekeza. Lakini aliifungua kanda kwa bisibisi ndogo, akakata sehemu iliyotafunwa, akaunganisha kwa gundi ya utepe, akaizungusha kwa kidole taratibu. Kilichopotea kilikuwa keki. Hotuba ilikuwa salama. Aliihamisha tena, na sauti ikachelewa vilevile. Mwishowe akaitia kwenye memori kadi ya simu hivyohivyo, akapanda gari la Nyangoto.

Alimkuta Wegesa nyuma ya sufuria, amejifunga khanga kiunoni, uso una vumbi jekundu, wachimbaji wamemzunguka na sahani. Simioni akasubiri zamu yake kama wengine.

"Hotuba ipo yote," alisema akimpa kadi. "Ila nimeshindwa jambo moja. Sauti inachelewa, haifuatani na mdomo. Nisamehe. Sikutaka mama aone kazi mbovu."

Wegesa aliweka upawa chini. "Aone?"

"Ndiyo, aone."

"Simioni, mama haoni. Macho yake yalikwisha Boke akiwa darasa la kwanza."

Simioni alitafuta pa kukaa, akakalia dumu la maji. Wegesa akamuuliza sauti ilikuwa imeingia lini. Akajibu ilikuwa wiki ya kwanza. Wakatazamana.

"Na hukuniambia," alisema Wegesa.

"Na wewe hukuniambia kuwa haoni."

"Ulisema haijawa safi. Ningejuaje ni safi ya kutazama?"

Kwenye foleni mchimbaji mmoja aliuliza kama leo watakula au la. Wegesa akamjazia sahani bila kumtazama. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba alimtuhumu bure, na kwamba siku zile zote bila kumgombeza mtu jioni zilikuwa zimemshinda.

Jumapili walikwenda Nyansurura pamoja. Mama Efrazia alikuwa ameketi kwenye kigoda ndani, Simioni akamwamkia shikamoo, akakaa karibu na mlango. Wegesa akamshikisha bibi simu sikioni. Ryoba akaanza kuongea kwa Kikurya, akimshukuru mama yake kwa kuuza ng'ombe wake ili yeye asome. Mama Efrazia akamjibu. Alimjibu kila sentensi, polepole, kama mtu aliyeketi naye. Hotuba ilipokwisha aliifuta simu kwa khanga yake.

"Huyo aliyeniamkia ni nani?"

Wegesa alisita. Ng'ombe wa mahari yake walitoka boma hilihili, na kwa desturi bado alikuwa mke wa hapa. "Ni fundi, mama."

"Ni yule unayegombana naye kwenye simu kila ukija kwangu?"

"Ndiye."

"Mura, kijana, sogea hapa." Simioni akasogea, bibi akaupapasa mkono wake, kisha akaigusa simu mapajani. "Wangu mimi nimempata. Wewe mchukue Wegesa. Ila Boke ni mtoto wa hapa, kila likizo nataka kumsikia anatembea humu ndani."

Simioni aliitikia. Akamgeukia Wegesa, akamwambia kazi imeisha, kwa hiyo anasubiri jibu lake.

"Nimekubali," alisema Wegesa, na machozi yalikuwa yamefika kidevuni. "Sasa nyamaza, mama anataka kusikiliza tena."